Inuka, Bibie

Kwa zaidi ya mwaka mmoja baada ya kufariki, mume wangu aliendelea kuniambia niinuke.

Aliniambia kwa maandishi. Nikiwa nimekaa dukani kwetu Newala, nachapa barua ya mtu au natoa kopi ya cheti, kisanduku kidogo cheusi kilitokea kwenye kioo cha kompyuta, juu upande wa kulia, na ndani yake maneno meupe: "Inuka, Bibie. Pumzisha macho." Kilikaa kwa muda wa kuvuta pumzi mbili tatu, kisha kikaondoka chenyewe. Wateja wengi hawakukiona. Waliokiona walidhani ni tangazo. Mwalimu mmoja wa Makote, mtu wa maneno mengi, aliwahi kuinama juu ya meza akasoma kwa sauti ya darasani.

"Mama Steshenari! Kumbe kompyuta inakutongoza?"

"Inanikumbusha kupumzika, mwalimu."

"Mbona ya shuleni hainiiti hata ndugu?"

"Wewe hupumziki, mwalimu. Wewe unapumzishwa."

Watu wa kwenye benchi wakacheka, nami nikacheka nao. Sikumwambia nani aliyeyaandika yale maneno. Hakuna niliyemwambia.

Mume wangu alikuwa fundi redio kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Kazi alijifunza Ndanda, akimsaidia fundi umeme mmoja kwenye karakana, na huko ndiko alikoanza kufungua kompyuta zilizokufa na kuzitazama ndani. Mimi niliishia darasa la saba. Tulipofungua duka nilikuwa nachapa kwa vidole viwili, nikitafuta kila herufi kama mtu anayechagua mawe kwenye mchele. Yeye ndiye aliyenikalisha akanifundisha, jioni baada ya jioni, kwa barua moja ileile ya kuomba kazi ambayo hakuna aliyeituma popote.

Hatukujaliwa mtoto. Nalisema mara moja ili lisisumbue mbele. Aliniita Bibie tangu wiki ya harusi, na kwa kuwa hakuna mtoto ambaye jina lake lingechukua nafasi hiyo, jina hilo lilibaki.

Kilichotuletea Linux, mfumo wa kompyuta yetu, ni flashi za wateja. Kila mtu alikuja na flashi yake kutoka ofisini, na kila flashi ilikuja na virusi. Mtihani wa darasa zima ulipotea asubuhi ya kuchapwa, mwalimu mwenyewe amesimama hapo mlangoni na kofia mkononi. Mume wangu akafunga duka siku tatu, akashuka Masasi kwa rafiki yake fundi, akarudi na mfumo mwingine ndani ya bahasha ya kaki.

"Huu hauuzwi," aliniambia. "Watu wanautengeneza, wanauacha wazi. Ukitaka kujua umeandikwaje ndani, unafungua unasoma."

"Nani anataka kusoma ndani ya kompyuta? Watu wanataka kopi."

"Mimi nataka."

Nisiseme uongo: miaka ile ya mwanzo niliuchukia. Herufi zilikuwa ndogo kama chawa, na ukizikuza zinakuwa na ukungu. Printa ilikubali leo, kesho ikakataa. Nilikuwa na wateja wanne kwenye benchi, na yeye ameinamia dirisha jeusi lililojaa maneno ya Kiingereza, anaandika na kufuta, anaandika na kufuta, shati limemgandia mgongoni. Nilimwambia turudi kwenye ule wa zamani kama watu wengine. Alijibu vilevile kila mara: "Subiri toleo lijalo."

Maana kila baada ya miezi kadhaa lilitoka toleo jipya, na yeye alizifuata habari zake kama wanaume wengine wanavyofuata mpira. Alisoma kwenye simu akiwa anakula. "Bibie, safari hii printa zitajulikana zenyewe, hakuna tena kutafuta programu ya kuziendesha." "Bibie, wametengeneza mwanga wa jioni, kioo kinakuwa cha manjano macho yasichomwe." Mimi nilisema, "Wali unapoa." Ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu. Sasa ningekula wali baridi mwaka mzima nisikie mambo ya printa.

Lakini toleo jipya hakuliingiza siku lilipotoka. Hapo alikuwa na njia yake, na ili ieleweke inabidi niseme juu ya maji.

Newala iko juu, na maji yako chini. Mtu asiyevuna mvua ananunua maji mwaka mzima. Sisi tuna kisima cha saruji chini ya baraza, na bati letu lina mfereji unaoishia kwenye kipande cha bomba kilichopinda. Kipande hicho kinageuka. Ukikielekeza ndani, maji ya paa yanaingia kisimani. Ukikielekeza nje, yanamwagika uani. Kiangazi kikikaribia kwisha mume wangu alipanda ngazi, akalifagia bati, akaligeuza bomba nje. Mvua ya kwanza haiingii kisimani. Hiyo inaosha vumbi, majani ya mkorosho na kinyesi cha ndege. Watoto wa jirani wanajua, kila mtu anajua. Ila yeye alikuwa na bakuli jeupe la bati, lenye maua ndani, alilolikinga chini ya bomba na kutazama. Maji yakiwa ya rangi ya chai, anayamwaga. Mvua nyingine inakuja, anakinga tena. Siku bakuli likionyesha maua yake ya chini pasipo ukungu, anaweka ngazi na kulirudisha bomba ndani.

Matoleo mapya aliyafanya hivyohivyo. "Wenye haraka waache waoshe bati," alisema. Alingoja wiki tatu, mwezi, akisoma wengine wameharibikiwa nini. Kisha siku moja utamwona ameleta kiti, amefunga mlango wa duka mchana, na ukijaribu kumsemesha anainua kidole.

Na niseme ukweli, yalikuwa yanaboreka. Sikumwambia vya kutosha. Mwaka mmoja printa ilijulikana kweli yenyewe. Niliichomeka nikakaa nasubiri matata, matata hayakuja. Mwaka mwingine herufi zikakubali kukuzwa bila ukungu. Orodha za juu, ambazo zamani zilikuwa nusu Kiswahili nusu Kiingereza, zikawa Kiswahili zaidi. Ile kompyuta yetu ilikuwa kuukuu hata siku tuliyoinunua, nayo badala ya kuzeeka ikawa nyepesi.

Macho yangu ndiyo yaliyozeeka. Yalianza kuchoma na kutoa machozi. Hospitali ya Ndanda wakanipima, wakanipa miwani, wakasema nisikazie kioo muda mrefu, niwe nainuka na kutazama mbali. Nilirudi nikaendelea kama kawaida, kwa sababu barua ya mtu haingoji. Baada ya siku chache ndipo kile kisanduku cheusi kilipotokea kwa mara ya kwanza. Alikuwa amekitengeneza mwenyewe, usingizi wake wa mchana ameutoa kwa kazi hiyo, na alisimama nyuma yangu kuona nitasema nini.

Nilisema, "Hiki nacho kinanizibia maandishi."

Kiliniudhi. Kilitokea katikati ya sentensi. Nilikifunga bila kuinuka. Nililalamika, akasema ataangalia. Nikalalamika tena, akasema ataangalia. Mara ya tatu duka lilikuwa limejaa, ni msimu wa fomu za shule, na kisanduku kikatokea wakati najaribu kukumbuka namba ya cheti. Nikamgeukia mbele ya watu wote.

"Iondoe hiyo kelele! Kama unataka kunisaidia, njoo uchape wewe."

Alisimama na waya mkononi. "Nitaiangalia," akasema.

Nikamnunia wiki nzima. Mimi nikinuna sigombani, nanyamaza tu. Yeye alifanya kazi zake, akapanda ngazi, akaligeuza bomba nje. Mvua ya kwanza ikanyesha alasiri moja, kubwa, ya upepo. Akakinga bakuli lake. "Chai ya rangi," akaniambia kutoka uani, akicheka. Sikumjibu. Siku ya pili yake kifua kilimbana. Tulimpeleka hospitali, na wauguzi walifanya walichoweza. Nilimwambia maneno mengi njiani, mengine ya maana, ila sijui alisikia mangapi.

Nikakaa eda. Duka lilifungwa, kompyuta nikaifunika kwa kitenge. Mvua za mwaka ule zilikuwa nzuri, kila mtu alisema. Nilizisikia kutoka ndani, zikigonga bati, zikitiririka kwenye mfereji na kumwagika uani, usiku na mchana. Majirani walileta maji kwa ndoo wakijua mfiwa hana nguvu za kuteka. Hakuna aliyetazama juu kuliona bomba. Mimi nilijua limeelekea wapi. Ningeweza kumwambia mtu yeyote. Sikumwambia.

Kwetu mtoto ni wa upande wa mama, na vitu vya mwanaume vina njia yake ya kurudi kwa dada zake. Wifi yangu, dada yake mkubwa, alikuja kutoka Makote akachukua makoti, baiskeli, redio na kofia. Hakunionea, ndivyo inavyokuwa, na alichukua kwa huruma, kitu kimojakimoja, akikikunja. Kwenye kompyuta akasimama.

"Hii ni ya kazi," akasema. "Hii nakuachia, wifi."

Nikamshukuru kwa sauti ya kawaida.

Eda ilipokwisha nikafungua duka, nikaondoa kitenge, nikawasha. Sikuwa nimefikiria lolote. Nilikuwa nachapa tangazo la kikundi cha akina mama, na kisanduku kikatokea: "Inuka, Bibie. Pumzisha macho."

Hakuwa amekiondoa.

Niliinuka. Nilikwenda nikasimama mlangoni nikatazama mbali kama nilivyoambiwa, na sikuona kitu.

Tangu siku hiyo niliinuka kila mara. Sikuwahi kuhesabu kilikuja baada ya dakika ngapi, sikutaka kukihesabia. Kazi yangu ilikuwa kukaa pale hadi kije.

Sasa, kila asubuhi kompyuta ilipowaka, ilitoa taarifa nyingine: kuna toleo jipya, uliingize sasa au baadaye? Nilibonyeza "Baadaye". Kesho yake "Baadaye". Nilikuwa nimemwona mara nyingi akihangaika baada ya kuingiza toleo, akitafuta kitu chake kilichopotea, saa iliyohama, rangi iliyobadilika. Aliwahi kuniambia vitu vidogo alivyojitengenezea mwenyewe ndivyo vya kwanza kuvunjika, kwa sababu waliotengeneza mfumo hawajui kama vipo. Kile kisanduku alikuwa amejitengenezea mwenyewe. Basi sikuhitaji elimu zaidi ya hiyo. Kwa watu nilisema nangoja wengine waoshe bati. Matoleo mawili yakapita, matatu, na mimi bado nangoja.

Mwaka wa pili watu wakaanza kuja kumuulizia. Ofisi na shule zilikuwa zimeambiwa kompyuta zao ni za zamani mno kwa mfumo wao wa kulipia, hazitahudumiwa tena, na mtu alikuwa amekumbuka kwamba Newala kuna mzee wa Linux. Walikuja na mashine nyuma ya baiskeli, zimefungwa kwa mipira.

"Yule mzee yupo?"

"Hayupo."

"Atarudi lini?"

Mmoja nilimjibu kwamba kasafiri. Nilijuta hadi jioni.

Halafu kurasa za mtandao zikaanza kukataa. Ule ukurasa wa maombi ya wanafunzi, ambao nusu ya wateja wangu walikuja kwa ajili yake, ulifunguka mweupe na maneno mawili matatu: kivinjari chako ni cha zamani. Nikawarudisha wazazi. Walikwenda duka la chini, na wakishakwenda kule kwa fomu, kopi nazo wanatoa kulekule. Benchi langu likawa na nafasi. Nilijua dawa ni nini. Nilikuwa naibonyeza kila asubuhi kuiambia baadaye.

Wifi yangu alikuja tena mwanzoni mwa mwaka huu, mvua zikiwa katikati. Alishuka kwenye pikipiki akiwa na matope hadi magotini.

"Wifi, nipe ndoo niteke maji nioge, nimekuwa kama muhogo uliong'olewa."

"Maji yako kwenye pipa."

"Pipa la nini? Kisimani je?"

"Kikavu."

"Kikavu, na mvua hii? Kimepasuka?"

"Hakijapasuka."

Akanitazama. Kisha akazunguka nyumba, na nikasikia sauti yake kutoka uani.

"We mwanamke! Bomba linamwaga kwenye mipapai ya jirani! Ndiyo maana nimeona mapapai kama vichwa vya watu. Jirani ananenepa kwa maji ya kaka yangu, na wewe unanunua ndoo?"

"Liache," nikamwambia nikimfuata.

"Nani kaligeuza?"

"Kaka yako."

"Lini?"

"Mwaka ule."

Alielewa mwaka upi. Akaitazama ngazi, ambayo bado ilikuwa imelazwa ukutani alipoilaza kaka yake, imeota utando wa buibui. Akaishika. Nikamshika kanga.

"Usiliguse, wifi."

"Misimu miwili?"

"Usiliguse."

Nilidhani atanitukana, ana ulimi. Aliiachia ngazi taratibu, akapangusa mikono.

"Kaka yangu aligeuza ili arudishe," akasema. "Hakugeuza ili wewe uje ulitunze kama kaburi. Mimi silirudishi. Utalirudisha wewe, na usiporudisha utaninunulia maji ya kuoga kila nikija, na mimi naoga ndoo tatu."

Akaoga kwa ndoo moja, akinung'unika ili nisikie.

Alipoondoka nilikaa siku nne. Siku ya tano ilinyesha asubuhi. Nikatafuta lile bakuli. Lilikuwa limewekewa vitunguu. Nikalikinga chini ya bomba kama alivyokuwa akilikinga yeye. Maua ya chini yalionekana yote, hata lile lililobanduka nusu. Bila shaka yalionekana; bati lilikuwa limeoshwa na mvua za misimu miwili. Nikapanda ngazi nikiwa na woga wa mtu mzima, nikashika kile kipande cha bomba. Kilikuwa kimekaza. Nilipokivuta kwa mikono miwili kiligeuka, na maji yakaacha kulia uani yakaanza kulia chini ya baraza, sauti ambayo nilikuwa nimeisahau.

Nililia juu ya ngazi, na jirani mwenye mipapai akanikuta.

"Vipi, mama, unashuka au tukuletee chakula hukohuko?"

Nikashuka.

Wiki ile ile nikaifunga kompyuta kwa kitenge, nikaipakata hadi Masasi, kwa yule rafiki yake fundi. Ni mtu mzima sasa, mvi hadi kwenye nyusi.

"Shikamoo."

"Marahaba, shemeji. Umekuja na mgonjwa?"

Nilimwambia nataka toleo jipya. Sikumwambia kingine. Alikagua, akapiga mluzi. "Hii imelala, shemeji." Kwanza akanakili kila kitu kwenye diski ya pembeni, na nikamwomba anakili mara ya pili, akafanya bila kuuliza. Kisha akaanza. Mstari wa buluu ukawa unajaa polepole. Akanipa chai, na ili nisichoke akanionyesha mashine yake yenye toleo hilo jipya. Kuna leptopu aliyoiwekea isijae chaji hadi mwisho, betri isichoke upesi. Kuna sauti inayosomea wasioona, ambayo zamani ilikuwa inakwama na sasa inakwenda vizuri. Herufi alizikuza hadi nikacheka.

"Na hapa," akasema, "wameweka hiki. Unakiambia kikukumbushe kupumzisha macho. Ukikaa sana, kinakuambia inuka, jinyooshe. Zamani ilibidi mtu ajitengenezee."

Nilitazama. Kilikuwa kizuri, kimepangwa vizuri, na kila mtu duniani mwenye mfumo ule anakipata. Nilipaswa kufurahi, na nilihisi wivu. Nilihisi kama mtu aliyekuta mume wake anawaambia wanawake wote barabarani waangalie macho yao.

Yangu ikamaliza, ikazima, ikawaka. Picha ya nyuma ilikuwa ileile, aliyoipiga ukingoni mwa Newala, bonde la Ruvuma likiwa chini na ukungu. Saa ilikuwa imehamia katikati. Ukurasa wa maombi ya wanafunzi ukafunguka mara moja. Fundi akaanza kuchomoa nyaya.

"Subiri kidogo," nikamwambia.

Nikakaa mbele ya kioo mikono ikiwa magotini. Akahudumia mteja, akahudumia mwingine. Akasali adhuhuri, akarudi akanikuta vilevile.

"Shemeji, imekwisha. Unasubiri nini?"

Hapo ndipo nilipomwambia mtu kwa mara ya kwanza. Nilimweleza kisanduku, maneno yake, na kwamba sasa hakiji. Hakusema pole. Alivuta kiti.

"Kama alikiandika, kipo," akasema. "Mfumo haufuti kazi ya mtu. Huenda unakataa tu kukionyesha."

Akatafuta kwenye mafaili ya marehemu, na haikumchukua muda. Faili lilikuwa dogo, halijai hata nusu ya kioo. Akalifungua, tukaona maandishi yenyewe, yale ambayo mume wangu alisema mtu anaweza kufungua akasoma na mimi nikauliza nani anataka kusoma. Mengi yalikuwa ya mashine. Lakini katikati yake alikuwa amejiandikia mistari ya Kiswahili, kama fundi anavyoandika kwa chaki ubavuni mwa redio:

"Kwa ajili ya Bibie. Macho."

"Dakika 15. Amekasirika."

"Dakika 30. Amekasirika tena."

"Dakika 40. Amekasirika mbele ya watu."

"Dakika 50. Amenyamaza. Iache hapo."

Fundi alisoma akatabasamu, kisha akaniona, akaacha kutabasamu.

Aliangalia, basi. Kila aliposema ataangalia, aliangalia. Mimi nilidhani ananipuuza, na yeye alikuwa anasogeza dakika, akingoja kuona uso wangu. Na ile wiki ya mwisho aliona nimenyamaza, akadhani amepata kipimo changu. Sikuwa nimeridhika. Nilikuwa nimenuna. Hilo sikumwambia fundi, naliandika hapa kwa mara ya kwanza.

"Ni mstari mmoja tu uliovunjika," fundi akasema. "Njia aliyotumia kuonyesha maneno imeondolewa, imewekwa nyingine. Naubadilisha huu, maneno yake yanabaki." Akaandika, akajaribu, akarekebisha. "Dakika niache hamsini?"

"Hapana," nikasema. "Nionyeshe mahali."

Akanipisha kiti. Akanionyesha ile namba kwa ncha ya kalamu. Nikafuta hamsini kwa kidole kimoja, nikaandika kumi na tano.

Sasa ukurasa wa fomu unafunguka na benchi limerudi kujaa. Wenye mashine za zamani wakija nawaambia mwenyewe alifariki, na nawaelekeza Masasi. Kisanduku nacho kimebadilika: kimekuwa cha duara pembeni, kinatokea juu katikati, na rangi si ileile. Maneno ni yake.

Kinakuja mara nyingi mno. Yule mwalimu wa Makote amelalamika kwamba barua yake haiishi, kila akitazama nimesimama mlangoni. "Mama Steshenari, unachapa au unaswali?" Na juzi, duka likiwa limejaa, katikati ya namba ndefu ya cheti, kikatokea, na nikajisikia nasema kwa sauti, mbele ya watu, "Iondoe hiyo kelele."

Benchi zima likanigeukia. Nikangoja kidogo, kwa mazoea, mtu wa nyuma yangu aseme ataiangalia.

Kisha nikainuka.